Vita vikizuka, kwa nini makundi ya mtandaoni hula buyu?

Kila vita vikubwa vinapozuka, lawama ile ile hurudi katika makundi ya mtandaoni ambayo hayakuanzishwa kwa ajili ya siasa: ya wapiga picha, ya wafumaji, ya waandishi wa programu, ya wazazi, ya mashabiki wa mchezo fulani. Mmoja anauliza mbona kundi zima limekaa kimya. Mwingine anajibu kwamba hapa si mahali pake. Wa tatu anakumbusha kwamba katika vita vile vya awali kundi lilibadilisha hadi picha yake ya utambulisho likaweka bendera. Hapo mjadala wa vita unageuka kuwa mjadala wa kimya, na mara nyingi huu wa pili ndio unaolivunja kundi.

Maelezo yanayopendwa ni mawili: watu ni waoga, au watu hawajali. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayaelezi kwa nini wale wale wanaonyamaza kundini hubishana hadi usiku wa manane wakiwa wanne mezani. Kimya hiki ni suala la gharama: nani analipa akisema, nani analipa akisikia, na nani anabaki kufagia ukumbi wenzake wakishaondoka. Ukishajua gharama inamwangukia nani, utajua pia kimya kipi ni cha kuheshimu na kipi ni cha kukitilia shaka.

Tuanze na hesabu ya wasemaji. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza mgawanyo ambao wasimamizi wengi wa makundi huuona hata bila kuupima: kati ya watu 100, takriban 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote. Si sheria ya maumbile, na makundi madogo ya watu wanaofahamiana huwa na wasemaji wengi zaidi. Lakini chukua kundi la WhatsApp lililojaa pomoni, yaani watu 1,024. Kwa mgawanyo huo wasemaji wakuu ni kama 10 na wachangiaji wa nadra ni kama 90. Waliobaki, 900 na ushei, hawasemi hata siku za amani, hata mada ikiwa ni namna ya kusafisha lenzi. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kimya cha kundi kuhusu vita ni kimya cha kila siku, ila sasa kimemulikwa tochi.

Kinachobadilika vita vikizuka ni wale 10. Siku za kawaida wanaosema sana ni wanaoijua mada ya kundi. Mgogoro wa kisiasa huwaleta mbele wengine: wenye uhakika. Na uhakika huandikwa haraka. Anayejua historia ya mgogoro anahitaji aya nne, tarehe tatu na tahadhari mbili ili aseme jambo la maana. Mwenye uhakika anahitaji sentensi moja na kidole gumba. Yule wa aya nne akimaliza kuandika, ujumbe 60 umeshapita, swali alilokuwa analijibu halipo tena, na mtu ameshatukanwa. Anasoma upya alichoandika, anakifuta. Kundi limepoteza sauti moja iliyojua, na hakuna kumbukumbu yoyote ya kuonyesha kwamba ilikuwepo.

Tazama jinsi uzi mmoja, yaani mfululizo wa majibu juu ya ujumbe mmoja, unavyokwenda. Mtu anatupia kiungo cha habari bila neno lolote la kwake. Jibu la kwanza linahoji chanzo. Jibu la pili linauliza, "Kwa hiyo unawatetea?" Mtu wa nne anaweka katuni ya machozi, na wa tano, pengine kwa kuteleza tu, anaweka ya kicheko. Kicheko hicho ndicho kinachowasha moto. Kuanzia hapo hakuna anayezungumzia tena habari yenyewe. Kisha anajitokeza mwanakundi ambaye ndugu zake wako huko huko mabomu yanakoanguka. Anaandika mistari miwili. Anajibiwa kwa takwimu. Dakika chache baadaye kunatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema fulani ameondoka, na chini yake mistari mingine mitatu ya wale waliomfuata bila kuaga. Msimamizi, aliyekuwa kazini kwake, anafungua simu saa tano baadaye na kukuta ujumbe 380 ambao haujasomwa.

Kwa wale 900, uzi huo ni somo. Hawajifunzi nani mwenye haki kule vitani. Wanajifunza bei ya kufungua mdomo hapa.

Bei hiyo imewahi kupimwa. Katika miaka ya 1970 Elisabeth Noelle-Neumann, mtafiti wa maoni ya umma nchini Ujerumani, alitoa hoja kwamba watu huwa na kipimo cha ndani cha upepo wa maoni unakoelekea, na wanaohisi wako upande unaopungua hunyamaza kwa kuhofia kutengwa. Kunyamaza kwao huufanya upande huo uonekane mdogo zaidi, na hivyo wengine nao hunyamaza. Swali alilolitumia kupima lilikuwa rahisi: ukiwa na safari ya treni ya saa 5, na umeketi na mgeni mwenye msimamo fulani, ungependa kuzungumza naye au la?

Wengi walidhani intaneti ingeyeyusha hofu hiyo, kwa kuwa mtandaoni si lazima kumtazama mtu usoni. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwahoji watu wazima 1,801 mwaka 2013 kuhusu ufichuzi wa Edward Snowden, aliyeanika siri za serikali ya Marekani kupeleleza mawasiliano ya watu, suala lililokuwa limewagawa Wamarekani karibu nusu kwa nusu. Matokeo yalitoka 2014: asilimia 86 walikuwa tayari kulizungumzia ana kwa ana, lakini miongoni mwa watumiaji wa Facebook na Twitter ni asilimia 42 tu waliokuwa tayari kuandika juu yake huko. Na wale asilimia 14 ambao hawakutaka kulizungumzia ana kwa ana hawakupata kimbilio mtandaoni: asilimia 0.3 tu kati yao walikuwa tayari kuandika. Mtandao haukuwapa sauti wasiokuwa nayo. Uliwanyang'anya hata baadhi ya waliokuwa nayo.

Sababu ni hadhira. Mezani unajua nani anakusikiliza, nani ni mkwe wa nani, nani alifiwa juzi. Mtandaoni bosi, shangazi, mteja, mwanafunzi wa zamani na mtu usiyemjua wanasoma sentensi ile ile kwa wakati mmoja. Watafiti wa mitandao Alice Marwick na danah boyd walilichambua jambo hili mwaka 2011 walipochunguza namna watumiaji wa Twitter wanavyowaza kuhusu wasomaji wao: hadhira ambazo maishani hutenganishwa na kuta hukutanishwa mahali pamoja, na anayeandika hulazimika kuandika kwa kumkumbuka yule mkali kuliko wote. Ongeza picha ya skrini. Sentensi iliyoandikwa ndani ya uzi, baada ya ujumbe kumi uliotangulia, huweza kukatwa na kupelekwa kwingine ikiwa peke yake, na huko haina utangulizi wala sauti ya mzaha. Kuna nchi ambako gharama hiyo inafika hadi jela: sheria iliyopitishwa Urusi Machi 2022 iliweka kifungo cha hadi miaka 15 kwa kusambaza kinachoitwa habari za uongo kuhusu jeshi. Katika kundi lenye wanachama kutoka nchi nyingi, kumsihi mtu "aseme tu ukweli" ni kumsihi alipe bili ambayo wewe hutaiona.

Kuna sababu nyingine isiyohusu woga hata kidogo. Watu wengi wananyamaza kwa sababu hawajui, na wanajua kwamba hawajui. Siku za mwanzo za vita ni siku za video za zamani zilizopewa tarehe mpya. Vipande vya Arma 3, mchezo wa kompyuta, vimesambazwa mara kadhaa kama picha halisi za mapigano, hadi kampuni inayoutengeneza ikatoa maelezo ya namna ya kuvitambua: picha iliyo na ukungu, kamera inayotikisika kupita kiasi, giza, kukosekana kwa sauti, kukosekana kwa watu wanaotembea. Anayesubiri siku mbili kabla ya kusema si msaliti wa mtu. Shida ni kwamba kutoka nje huwezi kumtofautisha na asiyejali.

Kisha kuna hesabu ya inboksi, ambayo msimamizi yeyote mzoefu anaifahamu. Mtu mmoja akijitosa kusema jambo lisilopendwa, hapati jibu hata moja la kumuunga mkono hadharani, lakini faraghani anafuatwa na watu saba: "umesema vizuri, usikate tamaa." Wale saba hawajui kwamba wako saba. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Mwanasaikolojia Solomon Asch aliuona mfano wake katika miaka ya 1950 kwa kuwataka watu walinganishe urefu wa mistari huku wenzao chumbani, waliopangwa, wakitoa kwa pamoja jibu la uongo: karibu theluthi ya majibu yalifuata uongo ule. Lakini alipopatikana mwenza mmoja tu wa kusema kweli, makosa yalishuka hadi kama robo ya kiwango hicho. Mmoja tu. Ndiyo maana ujumbe wa faraghani, pamoja na wema wake wote, hausaidii kundi: unamfariji aliyesema, hauwapi ujasiri walionyamaza. Anayetaka kuvunja kimya kwa gharama ndogo hana haja ya kuandika insha. Mstari mmoja hadharani, "nami naona hivyo," unafanya kazi kubwa kuliko aya kumi za faraghani.

Sasa tumgeukie msimamizi, maana hapa ndipo lawama nyingi hukosea njia. Kwa kawaida ni mtu asiyelipwa, aliyeanzisha kundi kwa kupenda fani. Chukua uzi wa maoni 400. Kusoma kila moja kwa makini kidogo, sekunde 30, ni dakika 200. Tuseme moja kati ya kumi linahitaji uamuzi: kuangalia kiungo, kusoma yaliyotangulia, kuulizana na mwenzake, kuandika onyo. Kwa dakika 5 kila moja, hizo ni dakika 200 nyingine. Jumla ni zaidi ya saa 6 na nusu kwa uzi mmoja, na bado hajajibu malalamiko ya waliofutiwa maandishi, ambao kila mmoja anataka kujua kwa nini yeye na si yule. Siku ya pili kuna uzi mwingine. Akifunga mada, tatizo la saa 13 linakuwa la dakika 1. Asilimia kubwa ya vimya rasmi vya makundi huanzia hapo: kwenye uchovu, kisha misingi inatafutwa baadaye ya kuuvalisha uchovu huo.

Na ana sababu ya kuogopa kinachotokea siasa inapoingia kwenye kazi yenyewe. Machi 2022 mtunzaji wa node-ipc, maktaba ya programu (mkusanyiko wa msimbo, yaani maandishi ya programu) iliyotumiwa ndani ya miradi mingi mingine, alipenyeza msimbo uliofuta mafaili kwenye kompyuta zilizoonekana kuwa na anwani za intaneti za Urusi au Belarus na kuweka alama ya moyo mahali pake. Nia ilikuwa kupinga vita vya Urusi dhidi ya Ukraine. Iliyoumia ni imani: waandishi wa programu duniani kote, hata waliokuwa upande wa Ukraine, walilazimika kujiuliza kama mradi wanaoutegemea unaweza kuwageuka siku mtunzaji wake akikasirika. Tangu hapo ukisema "siasa" katika makundi mengi ya waandishi wa programu, watu wanakumbuka hilo kabla ya kukumbuka Kyiv, mji mkuu wa Ukraine.

Lakini kupiga marufuku siasa kwa ujumla nako si jambo jepesi kama linavyosikika. Desemba 2016 Hacker News, mahali wanapokutana watu wa teknolojia, ilitangaza wiki moja ya kupumzika siasa. Jaribio lilisitishwa kabla wiki haijaisha. Kikwazo kilikuwa kile unachokitarajia: siasa ni ipi? Upelelezi wa serikali juu ya simu za watu ni teknolojia au siasa? Uhamiaji wa wahandisi je? Zaidi ya miaka minne baadaye, Aprili 2021, uongozi wa Basecamp, kampuni ya programu, ulizuia mijadala ya kijamii na kisiasa katika mfumo wa mawasiliano ya kazini, na takriban theluthi moja ya wafanyakazi waliondoka katika siku chache. Hapo nongwa haikuwa tangazo lenyewe peke yake. Lilitoka katikati ya ugomvi uliokuwa unaendelea ndani ya kampuni, kwa hiyo waliokuwa wakilalamika walilisoma kama jibu kwao.

Linganisha na Ravelry, mtandao mkubwa wa wafumaji. Juni 2019 ulizuia maandishi yoyote ya kumuunga mkono Donald Trump na serikali yake, ukasema wazi kwamba wafuasi wake wanaweza kubaki ila wasilete uungaji mkono huo hapo, na ukataja kwamba kanuni hiyo imechukuliwa kutoka RPGnet, jukwaa la wapenzi wa michezo ambayo kila mchezaji huvaa uhusika wa mtu wa kubuni. Unaweza kuona wamekosea. Wengi waliona hivyo na wakaondoka. Lakini hakuna aliyedanganywa. Waliegemea upande na wakasema wameegemea.

Kwangu mimi kilicho kibaya zaidi ni kile cha katikati: kundi linalosema halina upande, ambalo marufuku yake hufika baada ya upande mmoja kuanza kusema. Kimya cha namna hiyo kina harufu, na wanachama huinusa haraka.

Ndiyo maana kipimo ninachokiamini hakiulizi kama kundi limesema au limenyamaza. Kinauliza kanuni iliandikwa lini, na kama ilitumika mara iliyopita. AskHistorians, kundi la maswali ya historia katika mtandao wa mijadala wa Reddit, lina kanuni ya miaka 20: tukio ambalo halijafikisha umri huo halijadiliwi. Mtu aliyekuja Oktoba 2023 kuuliza kuhusu vita vya Gaza vilivyozuka mwezi huo alikutana na mlango ule ule uliofungwa kwa wote waliomtangulia, na aliyeuliza kuhusu chimbuko la mgogoro, zaidi ya miaka 20 nyuma, alijibiwa. Wikipedia ya Kiingereza imefuata njia nyingine. Makala zinazohusu mgogoro wa Waarabu na Israeli haziruhusiwi kuhaririwa na mtu asiyefikisha hariri 500 na siku 30 za uanachama, na hata aliyezifikisha hawezi kutengua kazi ya wengine zaidi ya mara 1 ndani ya saa 24. Hakuna aliyenyamazishwa kwa msimamo wake. Anayezuiwa ni yule aliyefungua akaunti jana kwa ajili ya ugomvi wa leo. Na masharti hayo yalikuwepo miaka mingi kabla ya mapigano ya 2023, kwa hiyo hayakuweza kusomwa kama hukumu ya upande wowote. Hayajaufanya ugomvi uishe, tena si kidogo, lakini ugomvi una kanuni.

Kuna kimya kingine ambacho wanachama hulaumiana bure, kwa sababu hakikutoka kwao. Ni cha mitambo. Unaandika, ujumbe unaonekana kwako, lakini haufiki kwa wengi, au unafutwa na mfumo. Ripoti iliyoagizwa na kampuni ya Meta yenyewe, mmiliki wa Facebook na Instagram, na kutolewa Septemba 2022 kuhusu mapigano ya Mei 2021 kati ya Israeli na Wapalestina ilikuta maandishi ya Kiarabu yakifutwa kupita kiasi, huku mfumo wa kutambua lugha ya uhasama kwa Kiebrania ukiwa haupo. Desemba 2023 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliorodhesha matukio 1,050 ya maudhui kuondolewa au kubanwa Instagram na Facebook katika Oktoba na Novemba mwaka huo. 1,049 kati ya hayo yalikuwa maudhui ya amani ya kuwaunga mkono Wapalestina. Februari 2024 Instagram na Threads, mtandao mwingine wa Meta, zikaacha kupendekeza maudhui ya kisiasa kutoka kwa watu usiowafuata, isipokuwa kwa aliyechagua kuyapokea. Januari 2025 kampuni ikageuza uamuzi. Kabla ya kumwambia rafiki yako kwamba hajaandika chochote, fungua ukurasa wake uangalie. Huenda aliandika.

Basi msimamizi afanye nini? Kinachosaidia zaidi hufanywa kabla. Kanuni ya mistari michache, iliyobandikwa siku ambayo hakuna vita kwenye vichwa vya habari, ina uzito kuliko tamko refu la siku ya tatu ya mapigano. Itaje kinachozuiwa: hoja kuhusu nani mwenye haki katika mgogoro, matamko ya kuunga au kulaani, na alama zake katika jina na picha ya utambulisho. Hilo la mwisho husahaulika sana. Ukiwazuia watu kuandika, bendera huhamia kwenye majina, na kundi huendelea kupigana bila kuandika neno. Itaje pia kinachoruhusiwa.

Hapo kwenye kinachoruhusiwa ndipo pagumu. Mtu ambaye mji wake unapigwa mabomu akiandika "jana hatukulala, mtanisamehe kazi imechelewa," hajaleta siasa, ameeleza usiku wake. Kanuni inayomfutia huyo ni ya kikatili, na atakayeifuata kwa herufi ataonekana katili hata kama hana nia hiyo. Mpaka unaoshikika ni huu: yaliyokupata wewe na watu wako yanapita, nani alaumiwe hayapiti. Una dosari zake. Wapo watakaovalisha hoja joho la ushuhuda, na upande wenye wanachama wengi utakuwa na shuhuda nyingi. Bado ni heri kuliko kumwambia mfiwa kwamba msiba wake uko nje ya mada.

Moto ukiwa umeshawaka, zana zinatofautiana. WhatsApp inaruhusu kundi kufungwa kwa muda ili wasimamizi pekee waandike. Telegram ina mpangilio wa kupunguza kasi, kila mtu akilazimika kusubiri kati ya ujumbe mmoja na mwingine hadi saa 1. Discord, jukwaa jingine la mazungumzo, inafika hadi saa 6. Subira ya dakika 15 mara nyingi hufanya kazi nzuri kuliko kufunga, kwa sababu inapunguza faida ya mwenye sentensi moja dhidi ya mwenye aya nne. Kufunga kuna tatizo lisilosemwa: neno la mwisho hubaki la aliyekuwa anaandika haraka kuliko wote, na upande wake huonekana umeshinda. Heri kutangaza mapema kwamba uzi utafungwa saa fulani, ili kila mwenye la kumalizia amalizie. Kufuta ni kwa matusi, vitisho na taarifa binafsi za watu, na nakala ihifadhiwe, kwa sababu kesho mtu atadai alifutwa kwa msimamo wake na utahitaji kuwaonyesha wasimamizi wenzako kwamba sivyo.

Chumba cha pembeni kwa wanaotaka kujadili mgogoro kinapendekezwa sana, na hushindikana mara kwa mara kwa sababu moja: hakipewi wasimamizi wake. Kinajaa wale 10, wakali wanalishana ukali, kisha picha za skrini zinavuja kurudi kwenye chumba kikuu. Kama hakuna angalau watu wawili waliokubali kukisimamia kwa zamu, na wasio wa upande mmoja, kisifunguliwe. Na kuingia kuwe kwa kuomba, kusiwe kwa kuunganishwa.

Kuhusu matamko ya kundi zima, nina shaka nayo. Tamko la kundi la wapiga picha halisogezi jeshi lolote hata hatua moja, lakini linaweka kipimo ambacho kundi litadaiwa katika kila mgogoro ujao, na hakuna kundi lenye pumzi ya kutamka juu ya yote. Juni 2, 2020 mamilioni ya watu waliweka miraba myeusi Instagram kuonyesha mshikamano na Wamarekani weusi. Wengi waliitambulisha kwa alama ya reli (hashtag) ile ile waliyoitumia waandamanaji kupeana taarifa, na kwa saa kadhaa taarifa hizo zikazama chini ya miraba hiyo. Wanaharakati wenyewe walilazimika kuwasihi watu waache. Kundi lenye ujuzi lina la maana zaidi la kutoa kuliko tamko: wapiga picha wanaweza kufundisha namna ya kutambua picha ya zamani kwa kuitafuta kinyumenyume (kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno) na kukagua vivuli na mabango, waandishi wa programu wanaweza kufundisha namna ya kulinda akaunti ya mtu aliye hatarini. Hayo hayahitaji kura ya kundi, na humsaidia mwanachama wa upande wowote.

Kwa kundi ambalo tayari limenyamaza vibaya, yaani lililosema juzi na kufunga mdomo leo, "funika kombe mwanaharamu apite" haitasaidia, kwa kuwa wanachama wana kumbukumbu na wana picha za skrini. Lina njia mbili za uaminifu: kuondoa bendera ya juzi na kueleza kwamba kuanzia sasa hakuna bendera, au kusema kwamba kwa hili na lile lina upande na kutaja upande huo. Njia zote mbili zitawapoteza watu. Njia ya tatu, ya kusubiri wasahau, huwapoteza pia, ila taratibu, na wale wanaoondoka kwanza huwa ni wenye ndugu vitani.

La mwisho ni la kiufundi tu. Kanuni ya dharura ipewe tarehe ya kufa, tuseme siku 30, na jina la mtu atakayeipitia siku hiyo. Bila tarehe hakuna anayekumbuka kuiondoa. Vita hutoka kwenye vichwa vya habari, wasimamizi hubadilika, na ile kanuni inabaki imebandikwa juu ya kundi ikitaja nchi moja kwa jina. Mgogoro mwingine ukizuka kwingine, mwanachama mpya anaisoma na kuuliza kwa nini ni nchi ile tu isiyoruhusiwa kujadiliwa hapa, na miongoni mwa wasimamizi waliopo hakuna aliyekuwepo wa kumjibu.